Kabati la vyombo la Ba, na fundi wa Makorora aliyetaka kuona sahani kwanza

Kila anayekuja nyumbani ananiuliza hili kabati nimetengenezea wapi, wengine wanalipiga picha kabisa, sasa nimeona niandike hapa mara moja kwa urefu, mwenye kuhitaji asome. Ni kazi ya fundi seremala wa hapahapa Tanga, karakana yake ipo upande wa Makorora, jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi mambo ya mitandao ila kazi yake ntaieleza yote, ilipokuwa nzuri na ilipotuangusha.

Kwanza mjue nyumba yenyewe. Sisi ni Wahindi wa Tanga, Wagujarati, mimi nimezaliwa hapa, mume wangu kazaliwa hapa, na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Ba, ameishi kwenye hii nyumba tangu alipoolewa. Tunakaa ghorofa ya kwanza kwenye zile nyumba za zamani za katikati ya mji zenye duka chini na roshani juu. Na kama umewahi kuingia nyumba ya Kihindi unajua vyombo vyetu vilivyo vingi jamani, si vya fahari tu, ni vya kutumia kila siku. Kuna thali, zile sahani kubwa za stili zenye ukingo uliosimama, kila thali na vibakuli vyake vidogo tunaita vatki, kimoja cha dali, kimoja cha mboga, kingine cha maziwa ya mgando au kitu kitamu. Kuna bilauri za stili, kuna madabo, yaani makopo ya stili, ya kila saizi, dabo la masala lenyewe ni la duara ndani lina vikopo saba, bizari, jira, mbegu za haradali, pilipili na kadhalika. Kuna makarai (neno ni hilihili, kwetu na kwenu). Kuna barni za achari, zile za kauri juu rangi ya kahawia chini nyeupe, Ba anazo nne na hazigusi mtu. Kuna dina seti ya wageni na vikombe vya chai vya harusi yangu. Alafu kuna shaba, mitungi, lota (vijungu vidogo vya maji), chetezo, taa za ibada, hizo ndo roho ya Ba.

Zamani kule Gujarat walikuwa hawana kabati la vioo, walikuwa na abharai. Ni rafu ndefu inapita ukutani juu karibu na dari, vyombo vya shaba vinapangwa mstari mmoja vinamulika nyumba nzima, na mgeni akiingia anajua hii nyumba ina mwenyewe. Ba anasema kwao mama yake alikuwa anavishusha vyote kabla ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, anavisugua kimoja kimoja, anavirudisha. Na yeye hapa Tanga anafanya hivohivo, anakaa kwenye kiti kifupi roshani na beseni la ukwaju uliolowekwa, anachota ule uji wa ukwaju kwa nyuzi za makumbi ya nazi, anasugua shaba iliyokuwa nyeusi tii, na ukimwagia maji unaona njano inatoka kama jua. Vidole vyake vinakuwa vya kahawia siku mbili. Nimesimulia hili kwa sababu ukitaka kutengeneza kabati la vyombo kwenye nyumba kama yetu lazima uelewe kwamba halitunzi vyombo tu, linatakiwa lifanye ile kazi ya abharai, vyombo vionekane.

Sasa kabla ya huyu fundi tulikosea. Miaka minne nyuma tulinunua kabati la dukani, duka silitaji, lile la mbao za kusaga za emdiefu lenye karatasi ya kung'aa juu, zuri macho kwa macho, tulitoa laki saba na themanini. Siku ya kwanza tu tukaona tatizo, thali haikai. Upana wa ndani kwenda nyuma ulikuwa sentimita 29 na thali zetu ni 33, kwa hiyo tukawa tunazisimamisha kwa ubavu kama vitabu, ukivuta moja zinaanguka zote tano na makelele yake mnayajua. Alafu mwaka wa pili chini kukaanza kuvimba mana lilikaa sakafuni moja kwa moja bila miguu, na huku kwetu nyumba inadekiwa kila asubuhi, maji yakawa yanaingia taratibu, emdiefu ikinywa maji inaumuka kama mkate na hairudi. Rafu ya katikati ikapinda, ina urefu wa mita moja na kidogo bila nguzo, umepanga sahani za udongo kumi na mbili juu yake unategemea nini. Mwisho milango ikawa haifungi. Ba hakusema kitu, ila shaba zake alizirudisha kwenye maboksi chini ya kitanda, na mimi hilo liliniuma kuliko ile laki saba.

Ndo mume wangu akapelekwa na rafiki yake kwa huyu mzee. Mimi nikamtumia picha kwenye simu, nilikuwa nimezikusanya nyingi za makabati ya India huko, marefu mpaka dari, yana vioo na taa, nikamwambia mzee nataka kama hili. Akajibu, mama, picha nimeiona, sasa nataka nione sahani. Nikasema sahani gani, akasema zote.

Alikuja Jumamosi na baiskeli yake, futi kamba mfukoni na penseli sikioni, akamwamkia Ba shikamoo mama, Ba akamwitikia marahaba baba karibu, na kwa kuwa ilikuwa saa saba Ba hawezi kumwacha mtu akaanza kazi na njaa, akamwandalia. Dali, wali, mboga ya bamia, rotli mbili (chapati zetu nyembamba) na achari kidogo, kwenye thali. Mzee akala vizuri, akanawa, alafu akauliza swali ambalo hakuna fundi aliwahi kutuuliza, hivi vibakuli mkishaosha vinakaa ndani ya sahani au vinakaa mbali? Ba akacheka akamwambia ndani, vitatu vitatu. Basi akaomba sahani ile ile aliyolia ioshwe, akaipanga na vatki zake tatu ndani, akaweka nyingine juu, na nyingine, mpaka zikafika sita, akapima urefu wa ule mnara akaandika kwenye ubao mdogo aliokuja nao. Alafu akapima upana. Akapima mtungi mkubwa wa shaba tumboni, si mdomoni, akasema kabati nyingi zinaharibika hapa, watu wanapima mdomo wanasahau tumbo. Akapima barni. Akapima karai na masikio yake. Alikaa karibu saa mbili na nusu na hakugusa ukuta hata mara moja, ukuta aliupima mwisho kabisa.

Na alinipa kazi ya nyumbani. Nipime uzito. Nikatumia mizani ya jikoni, thali moja karibu nusu kilo, zipo 24 kwa hiyo kilo 12 zimekaa sehemu moja, dina seti peke yake ilipita kilo 20, shaba nikaacha kupima mana mizani yangu mwisho kilo tano. Akaniambia kizito kinakaa chini ya kiuno, chepesi kinakaa juu, na cha kila siku kinakaa kati ya kiuno na macho, na Ba ni mfupi, kwa hiyo macho ni ya Ba si ya kwako. Rafu ya thali imekaa kimo ambacho Ba anatoa bila kuinua mkono juu ya bega. Mimi nainama kidogo na sina shida.

Mbao. Hapa ndo nimejifunza mengi. Nilitaka mninga kwa sababu ndo unaosifiwa, akasema mninga mzuri ila bei yake sa hivi imepanda na mwingine unaouzwa haujakauka, akatupeleka kwenye msaji, wengine wanaita mtiki. Msaji unatoka hapo Longuza, Muheza, kwenye shamba la miti la serikali, na asili yake huu mti ni India na Burma huko, Wajerumani ndo walioupanda huku zamani wakati wao. Ba aliposikia alifurahi sana akasema kwao unaitwa saag na milango ya nyumba ya baba yake ilikuwa ya saag. Angalia neno, saag, msaji. Mti una mafuta yake ndani, mchwa hawaupendi, na haupindipindi hali ya hewa ikibadilika, na kwa mji wenye unyevu kama wetu hilo ni jambo kubwa. Ila mzee akatuonyesha kitu ambacho ukienda kununua mwenyewe ukiangalie, ubao wa msaji una sehemu mbili, katikati ni wa kahawia ya dhahabu, pembeni una mstari mweupe, na ule weupe hauna ile nguvu, mchwa na bungua wanaula kama mti mwingine wowote. Miti ikivunwa bado michanga weupe unakuwa mwingi. Tulikuwa naye dukani, alitoa mbao kama ishirini akarudisha nane, muuza mbao alinuna na yeye hakujali.

Umbo lenyewe sasa. Kabati lina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili na sentimita kumi, lakini ni vipande viwili, la chini na la juu, linakaa juu ya jingine na linashikwa na skrubu nne kwa ndani huzioni. Hilo lilikuwa wazo lake baada ya kuona ngazi yetu, ngazi nyembamba yenye kona, akasema mama hili likiwa kipande kimoja tutavunja ukuta. Wanaokaa nyumba za zamani za mjini pimeni ngazi kabla ya kabati, wallahi, najua watu wamepandisha kochi kwa kamba kupitia roshani.

La chini lina kina cha sentimita 45, lina miguu ya sentimita 12 kwa hiyo tambara la kudekia linapita chini yake vizuri na maji hayagusi mbao. Milango ya chini ni ya mbao tupu, humo ndo mna makarai, presha kuka, sufuria kubwa za shughuli, vitu vizito na visivyo vya kuonyeshwa. Katikati droo tatu, moja ya vijiko na uma, moja ya vitambaa vya meza, moja Ba kaichukua mwenyewe, ameweka utambi wa pamba, kiberiti, ubani na vitu vyake vya ibada. La juu lina kina cha 37 kwa nje, ndani 35, kwa hiyo thali ya 33 inalala na nafasi ya vidole inabaki. Hizo sentimita mbili za vidole mzee alizipigania kweli, mume wangu alitaka kabati liwe jembamba lisile chumba, mzee akamwambia baba, ukishindwa kupitisha vidole utakuwa unavuta sahani kwa kucha. Ikaisha hapo.

Juu kabisa, chini ya dari ya kabati, kuna rafu moja ndefu inakwenda upana wote bila kukatwa na haina mlango, ni wazi. Hiyo ndo abharai. Nilimwelezea tu kwa maneno kwamba zamani ilikuwa hivi, akaiweka. Mitungi mitatu, lota tano na taa ndefu ya shaba zimekaa hapo kwa mstari. Watu wengine watasema vumbi, ni kweli vumbi lipo, ila vyombo vya shaba ukivifungia kwenye kabati lisilopumua hapa Tanga vinakuwa vyeusi haraka, afadhali vumbi unafuta. Na hata sehemu zenye milango ametoboa matundu madogo nyuma, chini na juu, hewa inazunguka, ukifungua hupati ile harufu ya kabati la kufungwa.

Chini ya abharai kuna milango minne ya vioo. Rafu za ndani nilitaka zote ziwe vioo kama kwenye picha zangu. Mzee akakubali nusu, upande wa vikombe na bilauri rafu ni kioo cha milimita 8, upande wa dina seti na thali rafu ni mbao nene ya inchi moja na kuna nguzo katikati, hakuna rafu inayozidi sentimita 75 bila kushikwa. Nilibisha kidogo nikitaka zifanane, sa hivi naona alikuwa sawa, zile za mbao hazijapinda hata unywele. Kwenye rafu ya mbao kwa nyuma amechimba mfuo mdogo kwa randa, kina cha kidole kidogo, sahani mbili tatu za mapambo zinasimama kwenye huo mfuo zimeegemea nyuma bila kuteleza, na mbele yake sahani nyingine zimelala. Kitu kidogo hivo, ila kila mgeni anakigusa.

Nyuma ya kabati kuna watu walinishauri niweke kioo cha kujitazama ili vyombo vionekane mara mbili. Ba alikataa, na mimi nilikataa. Chombo cha stili kina mng'ao wake, cha shaba kina wake, ukiweka na kioo nyuma jicho halijui litue wapi. Mgongo ni mbao za msaji zilezile, kahawia, na stili mbele yake inatoka vizuri mno. Taa tumeweka zile za utepe za LED, na hapa nasema kwa msisitizo wekeni za njano si nyeupe, fundi umeme alileta nyeupe kwanza tukawasha, shaba ikawa kama plastiki, kijivu hivi, tukabadilisha njano na Ba mwenyewe akapiga makofi.

Nakshi kulikuwa na ubishi nyumbani. Mzee anajua kuchonga, mikono yake imejifunza kwenye milango ya nakshi, na Ba alitaka taji kubwa la maua juu na nguzo za kuchonga pembeni. Mimi na mume wangu tulitaka liwe wazi. Tumekubaliana uso wa droo tatu tu ndo uchongwe, kuna yungiyungi katikati na majani ya embe yamefuatana pembeni, yale majani tunayoyatungia uzi na kuyafunga mlangoni siku za sherehe. Ba alimpelekea jani la embe kabisa kutoka sokoni. Nikitazama lile yungiyungi la katikati, petali za chini amezikata kina zaidi kuliko za juu, kwa hiyo mwanga wa dirisha ukija pembeni jioni ua linaonekana limeinuka. Hilo hakuna mtu aliyemwomba, amelifanya tu.

Kuna jambo moja Ba alilisema na lilibadilisha mchoro, kwamba msijaze kabati. Kwetu siku mbili kabla ya Diwali kuna Dhanteras, siku hiyo watu wananunua chombo kipya cha madini, mwenye uwezo dhahabu au fedha, asiye na uwezo hata kijiko cha stili, ni baraka ya nyumba. Kwa hiyo nyumba ya Kihindi kila mwaka inaongezeka chombo kimoja angalau, na sisi ni Ba, mimi na wifi yangu kila mtu na chake. Mzee akahesabu hapohapo, akasema basi miaka kumi ni vyombo thelathini, akaacha rafu moja nzima upande wa kulia haina kitu na akatoboa matundu ya vishikizo kila sentimita tano ili rafu ipande na kushuka. Nimeona makabati mengi mazuri yaliyojaa siku ya kwanza, mwaka wa pili vitu viko juu ya kabati kwenye maboksi.

Haya sasa mapungufu, nasema yote kama nilivyoahidi.

Muda. Aliahidi wiki nne, imechukua wiki saba na siku kadhaa. Mwanzo ilikuwa mbao kukauka, hilo nilimwelewa na namshukuru, alafu ikawa umeme, alafu ikawa ana msiba Pangani, na katikati simu haipokelewi siku tatu nne. Sisi tulimwambia toka siku ya kwanza tunataka kabla ya Dhanteras na akatuitikia. Dhanteras ikapita kabati halipo. Ba alinunua taa ndogo ya shaba ya utambi mmoja hivi, akaiweka mezani kwenye sahani, na Diwali tukaisherehekea na ukuta mtupu wenye alama za penseli. Niliumia na nilimwambia mzee hivo uso kwa uso, si kwa hasira ila nilimwambia, mzee, ungesema wiki nane tungesubiri wiki nane. Alikubali kosa na akapunguza laki moja bila mimi kuomba. Kwa hiyo kama una shughuli yenye tarehe mpe tarehe ya mwezi mzima nyuma, na umpigie asubuhi mapema kabla hajaanza kuranda.

Bawaba. Hapa ni kosa langu na lake pamoja. Nilitaka zile bawaba za kujifunga zenyewe taratibu, sofklozi, tukanunua za dukani zinazong'aa. Sisi tupo karibu na bahari, upepo wa jioni unaingia mpaka chumbani na chumvi yake. Mwezi wa nne tu tangu kabati lije zikaanza madoa ya kutu, mwezi wa tano moja ikakwama na mlango ukainama ukakwaruza fremu. Mzee angenizuia mana anaujua huu mji kuliko mimi, alisema tu kwa chini kwamba za shaba ni bora, hakusisitiza. Tumezibadilisha zote nane kwa za shaba, elfu 48, kufunga hakuchukua hela. Hazijifungi taratibu, unafunga kwa mkono wako, na zinapendeza na vyombo vya juu.

Siku ya kulileta walikuja na mkokoteni na vijana wanne. Kipande cha chini kilipita kwenye kona ya ngazi kikabaki na upana wa kiganja kila upande. Alafu kulifunga ukutani, hili usikubali kuliruka hasa ukiwa na watoto, kabati refu la vyombo likimwangukia mtoto ni maafa. Ukuta wetu ni wa zamani wa mawe na chokaa, plasta yake ukitoboa inamwagika kama unga, kijana alitoboa mara ya kwanza skrubu ikazunguka bure, mzee akamtoa, akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akapata jiwe, akatoboa kwenye jiwe. Vyuma viwili vya pembe juu, kimoja kila upande. Mume wangu alijaribu kulitikisa kwa nguvu zake zote, halikusogea.

Bei, mana najua ndo mnachosubiri. Mbao na ufundi milioni moja laki tisa na nusu, hiyo ni baada ya lile punguzo. Vioo tulinunua wenyewe mjini laki tatu na ishirini pamoja na kukata na kusaga kingo, msisahau kusaga kingo za rafu za kioo zinakata vidole. Taa na waya elfu 70. Vijana wa kupandisha elfu 40. Jumla milioni 2 na laki 3 na elfu 80, na bawaba za pili juu yake. Alichukua asilimia sitini mwanzo, iliyobaki baada ya kufungwa. Si rahisi, najua. Ila nikikumbuka lile la emdiefu tuliloliuza kwa muuza kuni na lilidumu miaka minne, silalamiki.

Sasa lina miezi saba na masika yote limeipita. Mchwa hakuna, rafu ziko sawa, vanishi aliyopaka ni ile ya kung'aa kidogo tu, nusu nusu, haionyeshi vidole. Madabo yamepata mahali, vikombe vya harusi yangu ambavyo sikuwahi kuvitoa kwenye boksi sasa tunanywea chai Jumapili. Ba ndo mwenye funguo. Ile taa ndogo ya Dhanteras aliyoiweka mezani ndo kitu cha kwanza alichokiweka kwenye ile rafu tupu ya kulia, peke yake, na amekataa tusiweke kingine mpaka mwaka ujao.

Kitu kimoja kimebaki. Mvua za mwezi wa nne zilivyozidi droo ya vitambaa ilianza kubana upande wa kushoto, unaivuta inakuja nusu inakataa. Nimempigia mzee, safari hii kapokea mlio wa pili, anakuja Alhamisi na randa yake, na Ba ameshaniuliza tutampikia nini.